Akiba haiozi, lakini maembe huoza

Msomaji mpendwa, nikitaja Kaloleni usije ukadhani nasema mtaa ule wa Nairobi ulio kando ya Barabara ya Jogoo, wala ule wa Kisumu. Kaloleni yangu ni ile ya Kilifi, ambayo huifikia kwa kukunja kutoka barabara kuu ya Mombasa na Nairobi pale Mazeras au Mariakani, kisha ukapanda na kushuka vilima vya minazi na miembe mpaka ukafika. Huko ndiko nilikoolewa mwaka 1993, mimi niliyezaliwa Kinangop kwenye baridi na kabichi.

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya maembe. Najua utasema, "Maembe nayo yana nini cha kuzungumziwa? Si unamenya, unakula, unanawa?" Nami nilidhani hivyo hivyo. Ujinga huo ulinipa aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka hujiinamia.

Kama una jamaa pwani, hali hii unaijua. Mwaka ukikaribia kwisha, kaskazi inapovuma na jua likawa kali, maembe huiva yote kwa pamoja. Hayasubiriani. Wiki moja unatafuta embe hulipati, wiki ya pili huna pa kukanyaga. Sokoni Kongowea bei huanguka, madalali huingia mashambani wakanunua mti mzima kwa bei wanayoitaka wao, na mwenye mti hana la kufanya kwa sababu embe haliwekwi ghalani kama mahindi. Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani aliyesema hivyo hakuwa na miembe.

Gunia nyuma ya mlango

Desemba ya kwanza baada ya harusi yetu, mavyaa yangu alitutumia magunia mawili ya maembe kwa matatu. Utingo aliyashusha hapo barabarani Changamwe, tukayasukuma kwa mkokoteni hadi kwenye chumba chetu cha kupanga. Chumba chenyewe kilikuwa kimoja, kitanda upande huu na jiko upande ule. Yale magunia tukayaweka nyuma ya mlango.

Siku ya kwanza tulikula mpaka meno yakafa ganzi. Siku ya pili tukala kidogo, nikawapa majirani, ingawa majirani nao walikuwa na magunia yao. Siku ya nne chumba kikaanza kunuka kama pombe. Siku ya sita maji yalikuwa yanatiririka chini ya mlango na vijinzi vimetanda. Nilimlipa kijana wa mkokoteni ayatupe alfajiri, kabla majirani hawajaamka.

Mavyaa yangu alipokuja kututembelea mwezi wa pili, aliniuliza kwa uso wa furaha, "Yale maembe mliyala, mwanangu?"

Nikajibu, "Tuliyala yote, mama. Yalikuwa matamu ajabu."

Unajua kilichofuata? Mwaka uliofuata alituma magunia matatu.

Hayo nayo yaliishia kule kule kwa mkokoteni, na huenda ningeendelea hivyo miaka na miaka kama si safari ya Januari 1995. Tulipofika Kaloleni nilimkuta wifi yangu mdogo yuko nyumbani, wakati shule zilikuwa zimefunguliwa. Alikuwa aingie kidato cha tatu. Nikamwuliza kulikoni, naye akanieleza bila kinyongo chochote kwamba karo haijatimia. Miembe mingine ilikuwa imeuzwa kwa dalali, lakini mwembe mkubwa wa ngowe ulio nyuma ya nyumba mama alikataa kuuuza. "Anasema ule ni wa kaka na wewe, kwa vile mnayapenda sana," akasema.

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke.

Jioni ile mavyaa yangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi. Nilikaa chini karibu naye, nikamwambia kweli. "Mama, yale maembe hatukuyala. Yaliniozea yote, mwaka juzi na mwaka jana. Nililipa mtu akayatupa."

Hakunijibu mara moja. Aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka chini. Kisha akasema, "Ungeniambia, mwanangu. Dalali alinipa elfu mbili kwa mti ule, nikamwambia una wenyewe."

Hakusema zaidi ya hapo. Asubuhi yake alinipa kisu na ungo, akaniambia, "Njoo nikuonyeshe. Embe halingoji mtu, wewe ndiye unayelingoja." Nilikaa naye siku tatu. Haya ninayokuandikia hapa chini mengi yake ni mafunzo ya siku zile tatu, na machache nimeyaongeza mwenyewe.

Kwanza, yagawe

Kosa langu kubwa lilikuwa kuyaacha ndani ya gunia. Maembe yakifika nyumbani, yamwage chini siku hiyo hiyo uyagawe mafungu matatu: mabichi yaliyo magumu, yanayoanza kulainika, na yaliyoiva kabisa. Lililopasuka au kuchubuka usiliweke na mengine. Hilo ni la kutumika leo.

Sababu ni kwamba embe linapoiva hutoa hewa inayoivisha wenzake. Ndiyo maana watu wanaovundika maembe hutia moja bivu katikati ya mabichi na kuyafunika. Ukichanganya mabivu na mabichi ndani ya gunia, unavundika bila kujua, na yote yataiva siku moja. Ukiyatenga, ukayatandaza mabichi kwenye jamvi mahali penye kivuli na upepo, utapata wiki moja au zaidi ya nafasi.

Aidha, yaoshe. Utomvu unaotoka kwenye kikonyo huwasha ngozi na midomo, hasa ya watoto. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja, na anayejua utomvu wa korosho anajua ninachosema.

Embe bichi ni mboga

Hili ndilo jambo la kwanza alilonifundisha mavyaa yangu, nami nililishangaa sana. Sisi watu wa bara tulidhani embe bichi ni la watoto watundu kula na chumvi na pilipili. Kumbe embe bichi lafanya kazi ya nyanya, ndimu na ukwaju kwa pamoja. Siku nyanya zinapopanda bei, mwenye embe bichi hana habari.

Kwa mchuzi wa samaki, chukua maembe mabichi mawili ya kiasi, uyamenye na kuyakata vipande. Kaanga kitunguu kimoja katika mafuta kidogo, tia kitunguu saumu kilichopondwa, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai na pilipili mbichi moja. Mimina tui la pili vikombe viwili, tia vipande vya embe, acha vichemke mpaka vilainike. Tia samaki wako, hata kama ni ng'onda uliyemroweka na kumwosha chumvi, au dagaa. Akiiva, maliza kwa kikombe kimoja cha tui zito, ukikoroga taratibu lisikatike. Mchuzi huo kwa sima utawatosha watu sita, na samaki anaweza kuwa mmoja tu.

Embe bichi likikunwa pia huingia kwenye mchicha, kunde na dengu. Tia mwisho mwisho, mboga ikiwa karibu kuiva. Kwa kachumbari, likate nyembamba kama njiti za kiberiti, changanya na kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili na majani ya giligilani. Hutahitaji ndimu wala siki.

Na kwa jua la Januari kuna kinywaji ambacho Wahindi wanakifahamu sana. Chemsha maembe mabichi mazima manne mpaka yalainike, yamenye, kamua nyama yake, changanya na maji lita moja na nusu, sukari kiasi upendacho, chumvi chembe na bizari nyembamba iliyokaangwa kidogo na kusagwa. Kiache kipoe. Anayerudi kutoka juani akinywa gilasi moja atakushukuru.

Achari

Usidhani achari ni kitu kigeni kilicholetwa juzi. Msafiri Ibn Battuta alipopita pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1331, alipewa chakula Mogadishu, na kati ya vitu alivyovieleza ni maembe: akasema yakiiva ni matamu na huliwa kama tunda, na kabla hayajaiva ni makali kama ndimu, nayo hutiwa kwenye siki. Kwa hiyo kina mama wa pwani wamekuwa wakipambana na wingi wa maembe kwa karibu miaka mia saba. Wewe na mimi hatuna udhuru.

Chukua kilo mbili za maembe mabichi magumu. Yaoshe, yafute yakauke kabisa, yakate vipande pamoja na maganda yake. Yapake chumvi vijiko vinne vya mezani na manjano vijiko viwili vya chai, uyaache usiku kucha. Asubuhi yamwage maji yake, uyatandaze kwenye ungo juani siku moja au mbili, mpaka yanywee kidogo.

Saga pamoja haradali vijiko vitatu vya mezani, uwatu kijiko kimoja na pilipili kavu kadiri ya ujasiri wako. Pasha moto vikombe viwili vya mafuta, ipua, acha yapoe kidogo, kisha tia viungo hivyo na vitunguu saumu vilivyokatwa. Mimina siki nusu kikombe, changanya na maembe, jaza kwenye chupa zilizochemshwa na kukauka. Mafuta yafunike vipande. Iache wiki mbili kabla ya kuila, na kila unapochota tumia kijiko kikavu. Tone la maji huharibu chupa nzima. Ikifuata masharti haya, achari hukaa miezi mingi.

Kama huna mafuta ya kutosha, pika chatini. Kilo moja ya embe bichi lililokatwa vipande vidogo, nusu kilo ya sukari, kikombe kimoja cha siki, tangawizi iliyokunwa, vitunguu saumu, pilipili na chumvi. Weka vyote katika sufuria, moto mdogo, ukikoroga mara kwa mara mpaka iwe nzito. Ipakie ikiwa moto.

Mabivu nayo

Fungu la kati, yale yanayoanza kulainika, hupendeza yakipikwa kwa nazi. Menya manne, kata vipande vikubwa, chemsha kwa tui la pili pamoja na sukari kidogo, iliki na chumvi chembe. Yakilainika tia tui zito, yachemke mara moja, ipua. Huliwa kwa wali mtupu au mkate, nayo ni futari nzuri.

Yaliyoiva sana, hata yale yaliyobonyea upande mmoja, kata sehemu mbovu utupe, iliyobaki iponde na kuichuja. Rojo hilo ni sharubati ukiongeza maji na ndimu. Ukilipika ni jemu: kwa kila vikombe vinne vya rojo tia vikombe vitatu vya sukari na maji ya ndimu tatu. Pika ukikoroga, na ili ujue kama imeiva, dondoshea kidogo kwenye sahani baridi. Isipotiririka, imeiva.

Kokwa usizitupe zikiwa na nyama. Zichemshe kwa maji na sukari kidogo, uchuje. Hiyo ni sharubati ya pili. Maganda ni ya mbuzi, na mbuzi wa Kaloleni wanayajua vizuri.

Kukausha je? Chukua yaliyoiva lakini bado yana ugumu, yamenye na kuyakata membamba kama unene wa shilingi mbili zilizopangwa. Yachovye kwenye maji yenye ndimu yasiwe meusi. Yatandaze kwenye ungo, funika kwa chandarua safi kuukuu, anika juani. Pwani hewa ina unyevu, kwa hiyo usiku uyaingize ndani. Baada ya siku tatu au nne za jua kali yatakuwa kama ngozi laini, yakikunjwa hayavunjiki wala hayatoi maji. Yatie kwenye mkebe wenye kifuniko. Ukipaka sukari na pilipili, utakuwa umetengeneza ile achari kavu ambayo watoto wa Mombasa huinunua mlangoni mwa shule.

Faida yake nyumbani

Wifi yangu alirudi shuleni Februari ile, kwa sababu mume wangu aliomba mkopo kazini na mavyaa yangu akauza mbuzi wawili. Sitasema maembe ndiyo yaliyomlipia karo, kwa maana mwaka ule tulikuwa tumeshachelewa. Lakini tulikubaliana na mavyaa yangu kwamba kuanzia hapo mti wa ngowe utauzwa nusu, na sisi tutaletewa gunia moja tu, tena la mabichi.

Mwaka 1997 mume wangu aliachishwa kazi, akakaa miezi minne bila kibarua. Msimu ule nilitengeneza chupa arobaini za achari. Nilizipeleka kwa wauza viazi na mihogo ya kukaanga pale Changamwe, nikauza karibu zote. Hatukutajirika, lakini kodi ya miezi miwili ilitoka nyuma ya mlango ule ule ambako maembe yalikuwa yakioza. Na jioni tulikula sima kwa mchuzi wa embe bichi na dagaa, tukalala tumeshiba. Watoto hawakujua kwamba baba yao hana kazi mpaka walipokuwa wakubwa tukawaambia.

Aidha kuna jambo ambalo wakati ule halikuwapo. Mwaka 2003 aligunduliwa hapa pwani ya Kenya nzi wa matunda aliyetoka Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya embe likiwa bado mtini. Ndiyo maana siku hizi unapasua embe zuri kwa nje ukakuta mabuu ndani. Kwa sababu yake, mwaka 2014 Kenya ilijisimamisha yenyewe kuuza maembe Ulaya, na biashara hiyo ikarejea mwaka 2021. Kwetu sisi wa jikoni funzo ni mawili. La kwanza, chuma maembe mapema ukayatumia mabichi, kwa kuwa nzi huyo hupendelea yanayokaribia kuiva. La pili, maembe yaliyoanguka na kuoza usiyaache chini ya mti. Yafukie shimoni, nusu mita au zaidi, yafunikwe vizuri. Ukiyaacha, unalea nzi wa msimu ujao.

Mavyaa yangu sasa ni mzee sana na macho hayamwezeshi kukata vipande vya achari. Wajukuu ndio wanaokata, yeye huketi karibu na ungo akiyapapasa kwa vidole na kusema, "Haya bado, yarudisheni juani." Wifi yangu ni mwalimu, na kila Desemba huja na chupa tupu za jemu alizokusanya mwaka mzima.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa gunia la maembe mwaka huu, au ukikuta sokoni yanauzwa kwa bei ya kutupa, usiyaache ndani ya gunia hata usiku mmoja. Na ikiwa yameshakushinda, mwambie ukweli aliyekutumia. Mimi nilichelewa miaka miwili kumwambia, na miaka hiyo ilimgharimu mtoto wa watu mwezi mzima wa masomo.